Kioo kilichopotea kwenye jeti ya kwanza ya Mzee Folarin, na kilichotokea Fort Worth

Wakuu, kwanza nilisikia mluzi.

Mwembamba, kama wa birika linaloanza kuchemka, halafu ukanenepa hadi bisibisi zikaanza kutetemeka kwenye ndoano zake. Stoo yangu haikuwa na dirisha la nje. Sikuona kitu. Lakini nilijua: injini zimewashwa, na zimekubali.

Nawasalimu nyote. Ninachosimulia nilikiona mwenyewe, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Majina nimeyabadilisha. Picha msiniombe, kupiga picha hakukuruhusiwa mle ndani.

Ilikuwa 2018. Naishi Carrollton, na kila alfajiri nilikuwa na-drive hadi kwenye karakana moja ya ndege upande wa Fort Worth. Nilikuwa mtunza stoo ya vifaa. Jioni naandika riwaya ambayo hadi leo haijaisha, lakini hiyo tuiache.

Kwa msiojua: kwenye karakana ya ndege, hakuna kifaa kinachotoka stoo hivi hivi. Kila fundi ana vipande vya shaba vyenye namba yake. Unataka spana, unanipa kipande, nakitundika pale spana ilipokuwa. Ukirudisha, unachukua kipande chako. Saa tisa alasiri shift ikiisha, nahesabu. Kikikosekana kimoja, hata bisibisi ya urefu wa kidole, ndege haitoki. Kitu kilichosahaulika ndani kinaweza kubana mitambo huko juu angani.

Mluzi ule ulikuwa wa jeti ya shirika moja dogo la Afrika Magharibi. Walikuwa na ndege mbili za panga, yaani za propela, za kuruka miji ya nyumbani kwao tu. Hii ilikuwa jeti yao ya kwanza. Imetumika, ndiyo, lakini ilikuwa imefumuliwa, ikafungwa upya na kupakwa rangi ya kijani na dhahabu. Tiketi za safari yao ya kwanza ya kuvuka mpaka zilishauzwa. Jumapili iruke. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi ilibidi iondoke Texas.

Aliyetumwa kuipokea ni Mzee Folarin, injinia wao mkuu. Miaka sitini na kitu, miwani imefungwa kamba, ovaroli imepigwa pasi. Yeye ndiye aliyemshawishi mwenye shirika ainunue, wakati wenzake wote wanasema wabaki na panga zao. Kila asubuhi alikuwa anaweka kiganja kwenye pua ya ndege kabla hajasema na mtu yeyote. Wikiendi alikuwa anakwenda kwa binti yake Stafford, kule Houston, anarudi na wali wa pilipili uliomtoa Nestor machozi.

Nestor ni rafiki yangu, Mrundi, fundi wa mabati. Alikuwa akinitania, "Wewe na huyo mzee wako! Ungekuwa mutoto wa kike ungeisha kuolewa kwake."

Kosa langu lilianzia hapo, kwenye kumpenda yule mzee.

Jumatano, saa nne asubuhi, alikuja kwenye dirisha la kutolea vifaa akaomba kioo cha kukagulia. Ni kioo kidogo cha duara kwenye mkono mrefu, cha kuchungulia mahali kichwa hakifiki. Alikuwa mgeni, hana vipande vya shaba. Utaratibu ulisema mgeni aache kitambulisho.

Wakuu, mimi nimelelewa Tabora. Mtu wa umri wa baba yangu nimwambie "weka dhamana"? Mdomo ulikataa. Nikampa kioo kwa mikono miwili.

"Chukua tu, Mzee."

"Asante, mwanangu."

Saa tisa nikahesabu. Ubaoni, mahali pa kioo palikuwa wazi. Hakuna kioo. Hakuna kipande.

Nikamfuata mbio. Akajipapasa mifuko yote.

"Si nilikurudishia?"

"Hapana, Mzee."

Nikarudi stoo. Nestor akaja kurudisha drili, akaniangalia usoni, akaelewa yote.

"Tia ingine," akanong'ona. "Ile box iko na vioo sita vipya. Nani atajua?"

Kweli, nani angejua? Nikafungua boksi. Nikatoa kioo kipya, nikakisogeza kwenye ndoano. Mle ndani nikaona jicho langu. Jicho moja tu, kubwa, linaniangalia kama la abiria aliyekaa kiti cha dirishani.

Nikakirudisha kwenye boksi, nikaenda kwa supervisor.

Miss Carla ni mama wa Kiteksas asiyepandisha sauti. Alisikiliza, akachukua kitambaa chekundu, akaenda kukifunga kwenye usukani wa ndege. Maana yake: hii haiendi popote.

"Tukikikosa hadi jioni, kesho tunafungua mabamba yote ya ndege," akasema. "Wiki nzima."

Mzee Folarin alikaa kwenye ngazi, akavua miwani. "Mwanangu, umeizika ndege yangu."

Nikachukua tochi.

Tukatafuta. Nestor, mwembamba kama ufagio, alijipenyeza sehemu ambazo hata paka angefikiria mara mbili. Saa nzima. Hakuna.

Hapo ndipo nikapata wazo. Mzee alikuwa anajaribu kukumbuka alikiweka wapi kioo, na kadiri alivyojikaza ndivyo alivyozidi kusahau. Nikakaa ngazi ya chini yake.

"Mzee, achana na kioo. Nisimulie tu siku yako. Ulianza wapi?"

Alininung'unikia. Nikasubiri.

"Nilianza puani. Nikazunguka kulia. Injini ya kulia, mkia, injini ya kushoto. Halafu magurudumu ya kushoto..."

"Magurudumu yalikuwaje?"

"Mazuri. Nilikuwa naangalia mabomba ya juu, mwenye shirika akapiga simu. Tukatoka nje kuongea."

"Tukatoka? Na nani?"

"Mimi na simu, mjinga wewe!" Akatazama mkono wake wa kulia. "Simu nashika kwa mkono huu."

Ndio huo huo ulioshika kioo: ili apokee simu, ilibidi akiweke mahali kwanza.

Nilifika kwenye shimo la magurudumu ya kushoto, yanamokunjwa ndege ikiruka, kabla yake. Nikapiga magoti, nikawasha tochi, nikaielekeza juu, gizani, nyuma ya mabomba.

Mwanga ukanijibu.

Nestor alikitoa kwa vidole viwili. Alipiga kelele ya Kirundi ambayo sitaitafsiri, karakana nzima ikapiga makofi. Miss Carla alikagua kioo hakijapasuka, akaenda kufungua kitambaa chekundu mwenyewe. Mimi akaniandikia barua ya onyo. Haki yangu.

Mzee hakunisemesha jioni ile.

Alhamisi asubuhi akaja dirishani. "Nipe tochi. Nizunguke mara ya mwisho."

Nikanyoosha mkono, kiganja juu.

"Kitambulisho kwanza, Mzee."

Alikitazama kiganja changu. Halafu akacheka hadi miwani ikaanguka na kuning'inia kwenye kamba yake. Akavua kitambulisho cha kazi shingoni, akanipa.

"Sasa naweza kukuamini," akasema.

Aliporudisha tochi, kitambulisho alikikataa. "Kiache hapo hapo. Tunaleta nyingine."

Saa tatu ile kijani na dhahabu ilikimbia, ikainua pua, ikaondoka. Jumapili ikaruka na abiria wote. Binti yake alinitumia video kutoka Stafford: ukumbi mzima wa watu wao wanarukaruka mbele ya televisheni.

Na kweli walileta nyingine. Mwaka 2019 zilikuja mbili. Mwanzoni mwa 2020, ya nne. Kila mara Mzee alikuwa anaweka kiganja puani, halafu anakuja dirishani kwangu na dhamana nyingine mkononi, pasipoti yake, kabla sijasema neno.

Nilichojifunza ni hiki: nilidhani heshima ni kumwondolea mkubwa utaratibu. Kumbe nilikuwa nimemwacha peke yake na kosa lake. Kumdai kitambulisho ndiko kulikuwa kumtunza.

Mnaofanya kazi famasi, maabara, maghala, semeni na nyie: ni mkubwa gani mlimwonea haya kumdai utaratibu, na ilitokea nini? Hata ikiwa iliishia vibaya, andikeni.

Ile ya nne ndiyo ilikuwa ya mwisho ya Mzee, alikuwa anastaafu. Nilikitoa kitambulisho kwenye ndoano, picha yake imeshafifia, nikakimbia nacho hadi kwenye ngazi. Akakivaa.

"Hesabu," akaniambia.

"Nimeshahesabu, Mzee. Kila kitu kipo."

Akapanda bila kushika reli. Juu kabisa akaweka kiganja kwenye ubavu wa ndege, akainama, akaingia, na mlango ukafungwa nyuma yake.