Chupa Iliyoandikwa Jikoni

Mimi ni dereva wa katapila na mdomo wangu hauna breki, ndiyo maana jina la Mama Chupa lilitoka kwangu. Kazi yake ilikuwa kunifuata nyuma. Nikishachimba mraba mmoja, yeye anashuka shimoni na buti zilizomzidi, anachota udongo, anautia kwenye chupa na kubandika karatasi yenye namba. Chupa inakwenda maabara kupimwa madini ya risasi. Kiwanda cha betri kilimwaga taka zake pale miaka nenda miaka rudi, kisha wenyewe wakafunga milango wakaenda zao. Sisi ndio tuliobaki kuwafagilia.

Siku moja msimamizi alikuja na majibu mkononi, amekunja uso. Maabara walikuwa wamempigia simu kumuuliza tangu lini jalala likawa na jiko. Kwenye chupa za mraba wa arobaini na moja, badala ya namba, Mama Chupa alikuwa ameandika: Jikoni. Chumba cha mama. Mlangoni. Uani.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Alisema mkono ulikwenda wenyewe. Nyumba yao ilikuwa palepale, wakahamishwa wakiambiwa ni kwa miezi sita, na sasa ulikuwa mwaka wa ishirini na mbili. Kicheko kilinikauka, nikajiona mjinga kweli.

Majibu yenyewe yalikuwa mabaya. Jikoni, sumu imezidi. Uani, imezidi. Niliambiwa nichimbe tena, na tangu siku hiyo nilichimba mraba ule roho juu, kwa maana nilishajua kinachongojwa. Ofisi ilikuwa imeahidi kwamba kiwanja kitakachopona kitarudishwa kwa wenyewe. Mama yake Mama Chupa, ambaye macho yalikuwa yamezima kabisa, aliishi naye kwenye chumba cha kupanga ghorofa ya tatu, na kila jioni swali lake lilikuwa moja: wamefika uani? Uani ndiko alikokuwa akifagia pekupeku kila asubuhi. Alisema hataki kufia ngazini kwa watu.

Mara ya pili sumu ilipungua, lakini bado. Mara ya tatu chupa zote nne zilirudi na neno moja: salama. Mama Chupa alilisoma, akalisoma tena, kisha akakaa juu ya ndoo akalia mbele ya wanaume kumi na wawili bila kujali. Nami nilijifanya nakagua mnyororo wa katapila.

Jioni hiyo aliomba twende wote kwao. Mama yake alitaka kumshukuru mtu wa katapila kwa mdomo wake mwenyewe. Tulipanda ngazi, yeye mbele na chupa ya uani kifuani, mabaki ambayo maabara waliyarudisha. Karatasi ilikuwa na neno lake lilelile, Uani. Safari hii aliliandika kwa makusudi, chini ya namba.

Mama alikuwa ameketi kitandani, amevaa nguo ya kutokea. Alinipokea kwa mikono miwili, akanishukuru mpaka nikaona haya. Kisha bintiye akammiminia udongo kiganjani. Mama akausugua kwa kidole gumba. Akaunusa. Akausugua tena, polepole, na tabasamu lake likaanza kupotea.

"Mwanangu," akaniambia, "huu umeutoa uani?"

"Ndiyo, mama. Mita tatu chini."

"Na ule wa juu?"

"Tuliupakia kwenye malori. Ulikuwa na sumu."

Nilitamani ardhi inimeze, na ardhi yenyewe nilikuwa nimeibeba mimi.

"Sisi tuliishi juu," akasema. "Huu hautujui."

Hakusema kwa hasira. Akatafuta mkono wa bintiye, akaurudisha udongo humo taratibu, asiangushe hata punje, kama mtu anayerudisha cha kuazima. Akauliza kama kiwanja kitakuwa na kivuli. Bintiye akamjibu kwamba bado ni shimo.

Mama Chupa aliurudisha udongo kwenye chupa, akafunga kifuniko. Akaibandua karatasi, akaniomba kalamu. Akaandika karatasi mpya yenye namba peke yake, kwa mwandiko mzuri, bila kukosea.