Magurudumu ya Kushukia Mlima

Mtaa mzima walimwita Fundi Spoki. Jina lake la kuzaliwa alibaki nalo mkewe tu, naye alilitumia siku za hasira. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba: meza yenye jiriwa ya kubania vyuma, rimu zilizoning'inia darini, na stendi ya chuma ya kunyooshea magurudumu. Wenzake walitengeneza baiskeli. Yeye alisuka magurudumu, tena kwa sikio. Akishakaza spoki, zile nyaya za gurudumu, alizigonga kwa ukucha moja baada ya nyingine, ting, ting, ting, na iliyolegea ikajitangaza yenyewe kwa mlio mzito. Kipo kifaa cha kupimia mkazo wa spoki. Siku alipoonyeshwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Hicho ni cha wasio na masikio," alisema. Jamani, mdomo!

Maana masikio yenyewe yalikuja kumtupa mkono. Ilianza kupotea milio myembamba: ndege wa asubuhi, kengele za baiskeli barabarani. Halafu zikafuata spoki za upande wa mnyororo, ambazo hukazwa zaidi na hulia kwa sauti nyembamba. Hakumwambia mtu. Mkewe alidhani ni jeuri ya utu uzima. "Nikikuita kula unasikia, nikikutuma dukani umekuwa gogo," alimtania, na mzee wa watu akacheka, akaona afadhali aitwe mvivu.

Kazini akajitia hamnazo. Mbele ya wateja aligonga spoki, akatikisa kichwa kana kwamba anasikia, kisha akalizungusha gurudumu kwenye stendi. Likazunguka limenyooka, halichezi hata kidogo, na mteja akaenda zake ameridhika. Lakini yeye alijua. Gurudumu linaweza kunyooka vizuri kabisa na bado spoki moja ikawa imebeba mzigo wa spoki tatu. Kwa anayekwenda sokoni, si neno. Kwa anayeteremka mlima mbio na kulaza baiskeli kwenye kona, hiyo moja ikikatika, jirani zake zinafuata, gurudumu linajikunja, na pembeni ni korongo.

Na safari hii wa kuteremka mlima alikuwa mwanawe wa kumzaa, binti yake kitinda mimba. Binti huyo aliendeshea kilabu baiskeli za mashindano, na mashindano ya Jumapili yalipanda barabara ya mlimani hadi kileleni, yakashukia upande wa pili, kona juu ya kona. Akaja mchana mmoja na magurudumu mawili begani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umehamisha duka la watu?"

"Kilabu wamenipa haya, ya kaboni. Ona rimu zilivyo pana. Kwenye tambarare yanaruka, sikatai. Lakini kupanda ni mazito, na kule juu upepo wa ubavuni unayasukuma. Kidogo yanitupe mtaroni juzi." Akaelekeza kidole ukutani, kwenye jozi aliyotoka kuisuka baba yake. "Yale ni mepesi, rimu nyembamba, upepo hauna pa kushika. Nataka yale."

"Si ndiyo!" Mkewe alidakia kutoka mlangoni. "Baba yako kakusukia kwa mikono yake, uende na ya dukani ya nini?"

Kilichomchoma fundi ni kwamba mtoto alichagua sawasawa. Zamani angemsifu mpaka kesho. Alilishusha lile la nyuma, akagonga spoki za upande wa mnyororo. Kimya. Alikuwa kama anagonga uzi. Akajaribu kuzibinya mbili mbili, lakini vidole vilishaota sugu, havikumwambia kitu.

"Chukua ya kilabu," alisema.

"Na upepo, baba?"

"Ukivuma, punguza mwendo. Hayo ya kilabu kayapima mtu kwa kifaa."

"He! Leo unasifu kifaa?" mkewe akashangaa. "Una homa wewe?"

Angeweza kubuni sababu. Fundi hakosi sababu. Akamtazama bintiye, akamwona yuko korongoni, na roho ikakataa. Akapiga moyo konde.

"Sisikii," alisema. "Upande wa mnyororo sisikii kabisa. Mwaka wa pili huu nasuka kwa kubahatisha."

Mkewe akashika mdomo. Binti hakushtuka, na hapo ndipo fundi aliposhtuka yeye.

"Najua, baba."

"Unajua nini?"

"Ulianza kurudia kugonga spoki ile ile. Na ukiongea unapiga kelele. Kila gurudumu ulilonipa tangu hapo, nalipeleka kwanza kwa fundi wa kilabu, analipima, analikaza upya. Na hayo ya ukutani ningempelekea. Nisamehe. Sikutaka kuacha kupanda magurudumu yako."

Fundi akaketi. Mtoto wake alikuwa salama muda wote huo, na furaha ya hilo ilimjaa kifuani. Lakini aibu ilikuwa imetangulia kukaa.

"Aliwahi kukuta moja liko sawa?" aliuliza. "Hata moja?"

Binti akayashusha ya kilabu begani, akayaegemeza ukutani.

"Nijibu, mwanangu."

"Hapana, baba."

Fundi akainuka, akalishusha na la mbele, akampa yote mawili. "Umechagua vizuri. Mlimani ndiyo yanayofaa. Mwambie fundi wa kilabu aanze na upande wa mnyororo, alegeze spoki zote, akaze upya. Na umwambie nimeshukuru." Alisema kwa sauti kubwa mno, mpaka mshona viatu wa ng'ambo ya barabara akageuka.

Binti alipoondoka, mkewe alimletea maji, akamsugua mgongo. "Yamekwisha, baba watoto. Mtoto yuko salama. Shukuru."

Fundi hakuyagusa maji. Alikuwa anawakumbuka wateja aliowasukia magurudumu: nesi wa kule mlimani, anayeteremkia kazini alfajiri. Mwalimu anayembeba mwanawe nyuma. Msambaza mikate. Wote walitoka mlangoni hapo wameridhika.

"Huyu alikuwa na wa kumpimia," alimwambia mkewe. "Wale je?"

Akavaa viatu, akatoka kwenda kuwatafuta, akianza na nesi.