Alichoniambia Dada Ndeshi Mkesha wa Krismasi

Usiku ule wa kuamkia Krismasi nililala na nguo za mchana, maana sikuona sababu ya kubadili. Wanangu hawakuja. Aloisi, Felisiana, Prospa, Emiliana, kila mmoja alipiga simu na udhuru wake. Mwezi mzima nilikuwa nawaza kujiua. Sikumwambia mtu. Bibi wa umri wangu akisema hivyo, wataambiana amechanganyikiwa.

Usingizi ukanichukua, nikajikuta jikoni kwa marehemu mama. Watu wanamenya ndizi za mtori, supu yetu ya sikukuu. Mama yupo, mume wangu Elishilia yupo. Shangazi Manka yupo. Mjomba Kirita yupo mlangoni, kikohozi chake kimekoma. Wote hao nimewazika, na hakuna anayenitazama.

Nikageuka, jiko likawa shamba la migomba. Dada yangu Ndeshi amekaa kwenye kigoda, vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi. Ndeshi alijiua sikukuu kama hii, tukiwa wasichana. Nyumbani tulisema ni homa.

“Umezeeka vibaya,” ananiambia. “Meno umempa nani?”

Nikacheka. Sijui mara ya mwisho nilicheka lini.

“Nisogezee nafasi, dada. Nimechoka.”

Hasogei. Anatazama vidole vyake.

“Asubuhi ile uliniuliza nimeamkaje.”

“Ukasema salama.”

“Nikasema salama, ukaenda zako mtoni kuchota maji.” Akasugua utomvu vidoleni. “Nilitaka urudi uniulize tena.”

Nikanyoosha mkono nimshike, nikashika jani la mgomba, bichi, la baridi. Migomba imesongamana, simwoni. Sauti yake tu inatoka huko ndani:

“Mimi sikumwambia mtu, Mkunde. Wewe mwambie.”

Nikaamka. Kumekucha, kengele ya kanisa inalia, na ule uzito uko palepale kifuani, haukupungua hata kidogo. Jirani yangu Mama Glori akabisha hodi, akaingia na chupa ya maziwa, kapendeza.

“Krismasi njema, bibi. Umeamkaje?”

Ulimi ukataka kusema salama, kama siku zote. Nikamshika kitenge chake.

“Usiende kanisani kwanza, mwanangu,” nikamwambia. “Nawaza kujiua.”

Mama Glori akaweka chupa chini, akavua viatu vyake vya kanisani, akaketi kitandani kando yangu.