Upana wa Motokaa na Nyumba ya Shangazi

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, motokaa ya Bwana Miwani iliposhushwa kwenye treni pale Korogwe, nami nikatupa jembe langu shambani nikakimbia nikaione. Ilikuwa zamani za Mdachi. Ndevu zangu ndiyo kwanza zinachomoza, na kichwa changu maji matupu. Bwana Miwani ni jina tulilompa sisi wenyewe, kwa ajili ya ile miwani yake mikubwa ya kuzuia vumbi. Alikuwa na shamba la mkonge upande wa Mazinde, na motokaa ile aliiagiza kwao Ulaya, ya mashindano ya mbio. Mashindano na nani, hatukujua, maana Korogwe nzima hapakuwa na nyingine.

Haikuwa kama magari haya unayoyaona leo. Ilikuwa fupi ya kimo, ndefu ya pua, ina viti viwili tu, na pana! Pana, mwanangu, kama kitanda cha harusi. Aliyekuja nayo ni fundi kijana wa Tanga, jina lake Sefu, mpole, mpenda uji. Alituambia imetandazwa vile makusudi, ili ikikata kona kwa kasi isipinduke. Bibi mmoja muuza ndizi akamwuliza, "Na hapa Korogwe, baba, itakimbilia wapi?" Sefu akacheka mpaka akashika tumbo.

Shida zilianza siku hiyo hiyo. Bwana Miwani aliisimamisha mbele ya duka la Mhindi akanunue sigara, na njia yote ikazibwa. Wanawake wenye matenga kichwani wakalazimika kuzunguka nyuma ya maduka, wakisonya. Halafu barabara zetu zilikuwa zimechimbwa na mikokoteni ya mashambani, mifereji miwili iliyokaribiana, kwa kuwa mikokoteni ile ilikuwa myembamba. Motokaa ikitia gurudumu moja mferejini, jingine linapanda tutani, basi inakwenda imeinama upande kama mtu mwenye jipu. Wapagazi wakikutana nayo ni kuingia miibani na mizigo yao. Jioni ikapelekwa kulazwa kwenye banda la mikokoteni. Kuingia iliingia, lakini kuta zikaibana mbavu, milango ikakataa kufunguka, na Bwana Miwani akatokea kwa nyuma, anatambaa juu ya viti kwa magoti, miguu yake mirefu iko hewani. Tulicheka kimoyomoyo, kwa sababu kumcheka Mdachi kulikuwa na viboko vyake. Tangu hapo ikawa inakaa mbele ya duka, imefunikwa turubai.

Nami sikuwa na kazi nyingine ila kuitazama. Kitu kipana namna hii kinageukaje? Mtu amekaa kitini, anajuaje ubavu wake wa pili unaishia wapi? Akitaka kuiweka mahali, anaacha nafasi kiasi gani ili naye apate kutoka? Maswali yalinijaa mpaka kooni, na Sefu alikuwa pale pale kwenye baraza ya duka na bakuli lake la uji. Lakini nilimwonea haya. Niliogopa ataniona mshamba.

Siku ya nne akida, msimamizi wetu aliyewekwa na Mdachi, akaja kijijini kwetu, nje kidogo ya Korogwe kwenye njia ya Mazinde. Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu Mwanaisha, dada wa baba. Sisi ni Wazigua wa Handeni, yeye aliolewa huku, na wakati huo alikuwa mjane. Nyumba yake mumewe aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, na nguzo ya katikati aliibeba begani kutoka milimani. Nyumba hiyo ilisimama pale barabara inapobanwa: huku ukuta wake, kule korongo. Akida akasema motokaa itapita keshokutwa kwenda shambani kwa mwenyewe, na kama pale hapatoshi, nyumba ivunjwe. Kisha akauliza, "Nani anajua upana wake?"

Mdomo uliponza kichwa. Nikasema, "Mimi. Mimi ni mtoto wa mwindaji."

Baba yangu kule Handeni alikuwa akitazama unyayo wa ndovu anakwambia kimo chake, umri wake, na kama ana haraka. Ndovu humwekei kamba mgongoni ukampima, atakukanyaga. Unampima kwa nyayo. Nami nikaamini motokaa ni mnyama kama wanyama wengine. Vijana wenzangu wakanisifu, na unajua wenyewe walivyosema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikakata fito, nikaenda kwenye kona ya stesheni ambako mchanga ni laini na alama zimekaa vizuri. Nikapima kutoka mstari wa nje kabisa wa huku hadi mstari wa nje kabisa wa kule. Nikaongeza na kidogo kila upande kwa ajili ya madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu, nikijiona mwerevu kuliko wote. Ikaja mikono sita. Njia ya kwa shangazi ilikuwa mikono mitano na nusu.

Nilimkuta shangazi anapepeta mahindi, watu wamejaa uani wakingoja neno langu. Nikalisema. Akaweka ungo chini. "Mhina, umeishika hiyo motokaa yenyewe ukaipima?"

"Nimepima nyayo zake, shangazi."

"Na yule kijana wa Tanga, umemwuliza?"

Nikaona ananivunjia heshima mbele za watu. Nikamjibu, "Shangazi, mambo ya nyayo ni ya wanaume." Astaghafirullah! Mzee kama mimi, bado nikilikumbuka neno lile natafuta mahali pa kuficha uso. Tena nikwambie ukweli wote: moyoni nilijipongeza, kwamba nimesema haki bila kumpendelea ndugu yangu. Yeye akanitazama, akauokota ungo wake akaendelea.

Kesho yake watu wa akida walikuja na mashoka. Tukatoa vyungu, kinu, kitanda cha kamba na mikeka. Wakaezua nyasi, wakaangusha kuta. Nguzo ile ya katikati ikakataa kung'oka, wakaipiga shoka mpaka ikapasuka. Shangazi alisimama ng'ambo ya njia, kaniki yake imefungwa vizuri, mpaka mke wa jumbe, mkuu wa kijiji chetu, alipomshika mkono akamkaribisha kwake. Mimi nilikuwa nabeba vyungu, bado najiona nimefanya kazi ya maana.

Keshokutwa iliyosemwa ikafika, na motokaa ikaja polepole, Sefu ametangulia kwa miguu anamwelekeza bwana wake kwa mkono. Penye vifusi akaisimamisha. Akatazama kuta zilizolala chini, akatazama korongo, akauliza, "Hapa palikuwa na nyumba. Mmeivunjia nini?"

"Motokaa ipite," jumbe akajibu. "Si mikono sita?"

"Sita!" Sefu akaanza kucheka, halafu akaona hakuna anayecheka. Akainama mbele ya pua ya motokaa akapima kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole, toka ubavu hadi ubavu. Mmoja, wa pili, wa tatu. Wa nne haukutimia. "Jumbe, hapa ingepita na nyumba ikiwapo. Ingepita, tena na mbuzi wenu pembeni."

Macho yote yakanigeukia. Nikamweleza Sefu nilivyopima. Akaniuliza ni wapi. Nikamwambia kwenye kona ya stesheni. Akashika kichwa. "Lo, ndugu yangu! Motokaa ikikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele, yanakata kwa ndani. Yanaacha mistari minne. Wewe umepima wa kwanza na wa nne. Hiyo ni nafasi ya kugeukia, siyo upana wake, na hapa njia imenyooka." Kisha akasema kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko tusi, "Mbona nilikuwa pale dukani siku zote?"

Bwana Miwani akapiga honi, wakaenda zao.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Shangazi akavuka njia akaja mpaka nilipo. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, na siku ile hakuipandisha. "Mhina," akasema, "baba yako anapima nyayo kwa sababu mnyama amekwisha kwenda zake. Hii ilikuwa imesimama mbele ya duka siku nne, na mwenye kuijua yuko pembeni anakunywa uji. Kilichokushinda ni nini? Kuuliza?"

Nikapiga magoti pale pale vifusini, nikalia mbele ya kijiji kizima, mimi mtoto wa mwindaji.

Hakunifukuza. Nilianza kumjengea nyumba nyingine, nikikata miti, nikifunga fito, nikikanyaga udongo kwa miguu yangu, na mawingu ya masika yameshakusanyika. Jumbe alinitafutia watu wa kunisaidia, nikawakataa. Kila mchana shangazi alinipikia. Siku moja nikatupa macho mafigani, nikaona anachochea kwa vipande vya nguzo ile. Nikamshika mkono. "Shangazi, hiyo si ya marehemu?"

Akasema, "Imepasuka, mwanangu, haisimamishi tena kitu. Na wewe lazima ule ndipo ujenge."

Niliula ugali ule, mwanangu. Nililazimika kuula. Nyumba ilikwisha, akaingia, akaishi humo miaka mingi, na hata siku moja hakunirudishia maneno yangu. Lakini kila nilipoingia nilitazama katikati ya chumba, pale ilipokuwa nguzo mpya, nami nikajua haikutoka milimani begani mwa mtu aliyempenda.

Basi sikia. Kuuliza si ujinga, na hakumpunguzii mtu kimo. Ukitaka kujua kitu nawe unacho mbele ya macho, kisogelee, kiguse, mtafute anayekaa nacho kila siku akwambie, hata kama ni mtoto mdogo kwako. Maarifa ya wazazi ni mali, lakini kila maarifa yana pori lake. Usiyapeleke stesheni ukadhani ni yale yale. Wala usidhani kumwumiza ndugu yako ndiyo kusema haki. Haki ni kusema lililo kweli, na kweli hupatikana kwa jasho. Na zaidi ya yote, siku utakapoulizwa kama nyumba ya mtu ivunjwe ama iachwe, usijibu umesimama barabarani. Ingia kwanza ndani, kaa, mwamkie mwenyewe, kunywa maji yake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mungu akupe macho ya kuona, na ulimi usioona haya kuuliza. Na kama siku moja neno lako litaangusha nyumba ya mtu, maana sisi ni binadamu, akupe nguvu za kuijenga upya, nayo imkute mwenyewe angali hai aingie. Amina, mwanangu.