Mizinga Minane Kwenda Msalato

Baba alikuwa na mizinga minane porini, mbele ya Zuzu, na mizinga hiyo ndiyo iliyompa jina. Ng'ombe hakuwa nao wa maana, na kwetu mzee asiye na ng'ombe hata salamu yake huitikiwa juu juu. Lakini nyuki walipovamia shule au dari la zahanati, aliyeitwa ni yeye. Alikwenda na bonge la mavi ya ng'ombe linalofuka moshi, akawasemesha taratibu, akaondoka nao ndani ya debe. Siku hizo watu walimwamkia kwa kuinama.

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua duka sebuleni, ruksa mtu kutoka mjini kuja na karatasi yenye muhuri na kuchukua pori ambalo baba alitundika mizinga kabla sijazaliwa. Huyo bwana alitaka kufyeka migunga yote alime. Viongozi wa kijiji wakampa baba wiki moja aondoe vitu vyake. Vitu! Hawakuwa hata na adabu ya kusema nyuki.

Mimi nilikuwa karani serikalini, naishi Area D mjini, na nilikuwa na kiwanja Msalato, upande mwingine wa mji, ambacho sikuwa na uwezo wa kukijenga. Nikamwambia baba tuwahamishie huko. Alifurahi sana. Alisema ni mbali vya kutosha, kwa sababu nyuki ukiwahamishia karibu hurudi walikotoka, wakazunguka mahali patupu mpaka wafe. Mpango wake ulikuwa kungoja jua lizame na nyuki wote waingie ndani, kuziba matundu kwa nyasi kavu zinazopitisha hewa, kisha kusafirisha mizinga miwili miwili kwa mkokoteni wa ng'ombe, polepole, hadi alfajiri. Safari nne, usiku nne.

Mimi usiku nne ningezitoa wapi? Ofisini walikuwa wanabandika ukutani majina ya wanaopunguzwa kazi, na ruhusa niliyopewa ilikuwa ya siku mbili. Nikakodi pikapu. Baba akakubali, mradi gari lije alfajiri kabla ya joto. Jioni ile aliishusha mizinga yote kwa kamba, akaiziba kwa nyasi zake, akalala kando yake.

Dereva alikuja saa nne asubuhi, jua la Oktoba limeshakolea.

"Shikamoo mzee," alisema, kisha akaona mizinga. "Hee! Hawa wadudu mmewafunga kwa nyasi? Akitoka mmoja nikiwa kwenye usukani tumekwisha wote. Fungeni nailoni, la sivyo nageuza gari."

"Basi tungoje jioni," baba alisema.

"Jioni nina kazi nyingine, mzee."

Nilikuwa na mifuko ya nailoni kwenye kikapu, ile iliyoanza kujaa madukani, nasi tukiiona ni maendeleo. Baba aliniambia kwa Kigogo kwamba nyuki wanapumua kama sisi, na mzinga uliojaa ukikosa hewa huchemka wenyewe kwa ndani. Nami, msomi wa ukoo, nilimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, ili dereva asinione mshamba: "Baba, ni mwendo wa saa moja tu. Tuache mambo ya kizamani."

Alinitazama. Kisha akashika moshi wake awatulize nyuki, nami nikafunga. Mizinga minane, kila tundu, nikakaza kwa mpira wa baiskeli. Nilijisifu kimoyomoyo kwa kazi safi.

Baba alikataa kukaa mbele. Alipanda nyuma na mizinga yake.

Njiani dereva alisimama kununua mkaa wa kwenda kuuza. Akabishana bei hadi nikahisi ametusahau, akapakia magunia na kuibana mizinga kila upande. Ngurumo ya nyuki ilikuwa imepanda, hata wauza mkaa wakasogea nyuma. Mimi ninayegombana na muuza nyanya kwa fungu moja, siku ile sikufungua mdomo, nikiogopa dereva asitushushe na mizinga yetu. Tulipofika mjini akasema anashusha mkaa kwanza. Nikangoja.

Wakati anashusha gunia la mwisho, ngurumo ilikuwa imekwisha.

"Wametulia," nilimwambia baba.

Alikuwa ameweka kiganja juu ya mzinga mmoja. "Hawajatulia," alisema. Tulikuwa katikati ya mji, watu kila upande. Hata yeye asingethubutu kufungua pale.

Msalato tulifika saa nane mchana. Asali ilishaanza kuchuruzika sakafuni mwa pikapu, na dereva alilalamikia sakafu yake. Baba alikata mpira wa kwanza. Masega yalikuwa yameyeyuka, na nyuki walimwagika kwa mabonge, weusi, wameloa asali yao wenyewe. Akafungua wa pili, wa tatu, mpaka wa nane. Hakuruka hata mmoja. Majirani walikuja na bakuli na sufuria, wakateka asali huku wakitoa pole. Nilitamani kuwapiga.

Mama mmoja, mpenda kujua, aliokota mfuko mmoja wa nailoni. "Mzee, nani kawafunga hivi?"

"Mimi," baba alisema, kabla sijavuta pumzi.

Nilishukuru. Hilo ndilo ninalolichukia mpaka leo, kwamba kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu.

Habari ilimtangulia kijijini. Nyuki walipoingia tena shuleni, waliitwa vijana wengine, wakawachoma moto. Baba aliishi miaka mingi baada ya pale, na hakuna aliyemwita tena kwa kazi ya nyuki. Wenzake walimtania kila walipokutana: huyu ndiye mzee aliyewapika nyuki wake mwenyewe. Alicheka nao. Zaidi ya mara moja utani huo ulifanyika mbele yangu, nimekuja kumsalimia, nawamiminia chai. Alinitazama kidogo, akaangalia pembeni. Nami nikaendelea kumimina chai.