Maziwa ya Jirani Yangu Motoni

Mdogo wangu alifia uzazini, tukamzika Alhamisi, na Ijumaa asubuhi nilikuwa nimekaa mlangoni pangu hapa Rumonge, mtoto wake mapajani, sijui nimpe nini. Alizaliwa kabla ya siku zake. Alikuwa mdogo mpaka kitenge kilimzidi pande zote, na kilio chake lazima uinamishe sikio ndiyo ukisikie. Mimi wanangu wamekwisha kuoa na kuolewa, matiti yangu yamebaki mapambo, na mapambo yenyewe yamechoka. Baba wa mtoto alikuwa ng'ambo ya ziwa, simu haipatikani. Maziwa ya kopo niliyatafuta maduka yote ya dawa, jibu lile lile: hakuna esansi, yaani petroli, hakuna gari inayoteremka kutoka Bujumbura, rudi wiki kesho.

Aliyenisikia nikilia ni jirani, mke wa kijana anayekata mikungu ya michikichi. Yeye si wa huku ziwani. Ametoka juu, Bururi, kwa watu wa ng'ombe, na kitoto chake cha kike kilikuwa na miezi mitatu, kinono mpaka mikono imejikunjakunja. Alisimama mbele yangu akasema, "Mama, mimi maziwa iko mingi. Nipe chupa." Basi, hakuuliza mengine. Nilimwambia asante, murakoze, murakoze, mpaka akacheka.

Nikampeleka mtoto hospitali, nikamweleza muuguzi. Akasema mtoto hana nguvu za kunyonya, nimpe kwa kijiko, lakini maziwa ya mwanamke mwingine yasiingie mdomoni mwake mabichi, kwa sababu ya maradhi yanayopita humo. Nikamwambia kwamba jirani alipimwa wakati wa mimba. "Wakati wa mimba ni zamani," akanijibu. Ndipo akanifundisha: maziwa ndani ya chupa ya kioo, chupa ndani ya sufuria ya maji, maji yapite usawa wa maziwa. Maji yakianza kutokota kwa nguvu, toa.

"Hapohapo, mama," akasema. "Moto unaua ugonjwa, lakini unakula na kinga. Ukitoa upesi, kinga nyingi inabaki. Ukiyaacha yachemke sana kama ya ng'ombe, utakuwa unampa chakula tu, na huyu tumbo lake bila kinga halitaweza."

Nikafanya hivyo. Siku za mwanzo zilikwenda vizuri, hata nikathubutu kumtazama usoni. Alikuwa na paji la uso la mama yake. Jirani alikuwa akinipitishia chupa juu ya ua, mimi naiweka kwenye sufuria juu ya mbabula, nachochea makaa, nangoja. Habari ya moto sikumwambia. Wala sikumficha, jamani, nani anafikiria kueleza sufuria?

Asubuhi moja aliingia mwenyewe kuja kumtazama mtoto. Akaona chupa imesimama ndani ya maji.

"Hii ni nini?"

"Ni maziwa yako ya leo."

"Mana yanje, Mungu wangu! Unaweka maziwa yangu mu moto?"

Alipiga kelele watu wakasimama barabarani. Kumbe huko kwao maziwa ya ng'ombe hayawekwi motoni. Ukiyaweka, ng'ombe anatoka vidonda kwenye chuchu, halafu anakauka. "Unanikausha!" akasema. "Mutoto wangu atanyonya nini? Eh? Atanyonya nini?"

Nami nikasimama. Wanaonijua wanaujua mdomo wangu, hauna breki. Nikamwambia yeye si ng'ombe. Nikamwambia ushamba wake aurudishe huko mlimani alikoutoa. Nilikuwa nimezika mtu, sijalala, na hasira yote nikammwagia yeye, mtu pekee aliyekuwa ameshika roho ya yule mtoto. Naye hakunyamaza. Tulitukanana vizuri. Tulipochoka, maji yalikuwa yametokota zamani sana, na juu ya maziwa kulikuwa na utando kama wa chai iliyopoa.

Akaondoka. Nikabaki na ile chupa. Ningefanya nini, niimwage? Nilimpa mtoto kijiko kwa kijiko, nikijua kabisa kwamba nampa kushiba tu, kinga imekwenda na mvuke, na huku nampa huku nalia.

Kesho yake chupa haikuja. Mume wake aliniambia titi moja la mkewe limevimba, limekuwa gumu, lina moto, na mama wa mkewe kwenye simu amesema, si unaona kazi ya ule moto? Nikaenda mpaka mlangoni pake. Nikaomba msamaha kwa sauti, mbele ya wapita njia. Nikamwambia titi linavimba kwa sababu maziwa yamezoea kutolewa, sasa yamejaa ndani. Hakufungua. Nilisikia kitoto chake kinalia ndani kwa sauti nene ya mtu aliyeshiba. Wangu hakulia.

Nikampa maji ya wali yenye sukari kidogo. Tumbo likaanza kumwendesha. Sijui kama ni yale maji, au ni yale maziwa yaliyoungua, au ni yote mawili. Nilibadilisha vitambaa mpaka vikaisha, nikachana shuka. Nilimwambia Mungu, nisamehewe, nilimwambia: mama umechukua, kama ulimtaka na huyu ungesema mapema nisimpende. Asubuhi macho yake yalikuwa yamezama, na midomo imekauka. Nilikuwa najifunga kitenge nimrudishe hospitali, fundo halishiki, ndipo jirani akaingia.

Alikuwa amelishika titi lake kwa mkono mmoja, binti yake mgongoni. Hakunisalimia. Aliinama, akamgusa mtoto shavu kwa kidole. Mtoto akafungua mdomo, sauti haikutoka.

Akakaa kwenye mkeka. "Lete chupa."

Alijikamua meno yameumana, jasho linamtiririka, kwa sababu lile titi lilikuwa linamuuma kweli. Yalipofika nusu ya chupa nikanyoosha mkono.

"Siyaweki motoni," nikamwambia. "Nampa hivihivi." Na ningempa kweli, Mungu ananiona. Ningempa mabichi ili asiniache tena.

"Muganga wa hospitali alisema nini?"

"Alisema moto."

"Basi moto."

"Na wako je, ukikauka?"

Akamtazama mtoto wa mdogo wangu, akasema, "Wangu iko na nguvu. Huyu hana."

Sufuria aliitenga mwenyewe. Akamfungua binti yake mgongoni, akamlaza mapajani, akamfunika uso kwa kitenge asiutazame moto. Midomo yake ilikuwa inacheza, sijui alikuwa anaomba nini. Mimi nilikuwa nafuta macho, hata sikuona maji yalivyoanza.

"Toa!" akapiga kelele. "Toa, yasiungue tena kama siku ile!" Na kabla sijashika kitambaa, mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye mvuke.

Kijiko cha kwanza kilimtoka mtoto pembeni ya mdomo, na cha pili pia. Cha tatu koo lake likapanda, likashuka. Tukaenda hospitali wote wawili, yeye amebeba chupa ndani ya nguo yake isipoe, na walipomlaza alikaa nami kitandani akijikamua, mimi nauliza maji ya moto yako wapi.

Tuliporudi nyumbani, jioni moja nilimwona amekaa mlangoni pake. Hakujua namtazama. Alitoa titi, akajikamua kidogo kwenye kiganja, akakisogeza kiganja karibu na macho. Akajikamua tena. Halafu akajifuta kwenye kitenge, akaniita nilete chupa. Kesho yake alifanya hivyohivyo kabla ya kunipa, na kila siku baada yake. Mtoto akanenepa, akakaa, akaota meno, na yule mwanamke hakuacha kujikamulia kiganjani kwanza, aone kama leo ndiyo siku ya kukauka.