Mtoto Hakunikataza

Daktari Egesa, mzaliwa wa Lumino, alikuwa mtu wa sauti ya chini. Katika hospitali ndogo ya misheni nje ya Tororo, wagonjwa walimpenda kwa sababu alikuwa akichuchumaa kando ya kitanda kuzungumza nao.

Siku moja ya soko, mchana, lori liligonga boda boda kwenye barabara ya Busia. Pikapu ikawaleta abiria wawili: Nanjala, muuza mitumba kutoka upande wa Kenya, na binti yake Annet, mtoto wa chekechea. Paja la mtoto lilikuwa limepasuka. Mama alikuwa anavuja damu tumboni, kwa ndani.

"Resty, leta damu," Egesa alimwambia nesi. "Ya wote wawili."

Nanjala akamshika mkono. "Nipasue ukitaka, daktari. Lakini damu ya mtu sitiwi. Wala mtoto wangu. Imani yetu inakataza."

"Mama Annet, bila damu utakufa."

"Najua."

Egesa akachuchumaa. Akamuuliza jina lake, yuko wapi, na kitu gani kitampata akikataa. Alijibu yote bila kubabaika. Egesa akamsihi tena. Nanjala akafumba macho, akatikisa kichwa.

Mtoto alikuwa ameacha kulia. Midomo ilikuwa imepauka, mikono baridi, moyo ukienda mbio.

"Wewe nimekusikia," Egesa alisema. "Mwili ni wako. Ila huyu siwezi kumwacha afe."

"Msimguse!"

Resty alisimama na chupa ya damu mkononi. "Musawo," alimwita daktari kwa Kiganda, "watatushitaki."

"Washitaki. Mtundikie mtoto."

Nanjala alipiga kelele mpaka akaishiwa nguvu. Wakampeleka chumba cha upasuaji. Egesa alilitafuta tundu lililokuwa linavuja, akalipata, akalishona. Moyo wa Nanjala ulisimama kabla daktari hajamaliza kufunga tumbo.

Jioni mumewe, Rasto, aliingia na polisi wawili.

"Damu ilikuwepo," alisema. "Ukamnyima mke wangu?"

"Alinikataza."

"Na mtoto je? Si alikukataza pia?"

"Mtoto hakunikataza."

Rasto akamkaba shati. Polisi wakawaachanisha, wakaondoka na Egesa hadi kituoni. Aliandikisha maelezo; Resty na dereva wa pikapu wakaeleza walichosikia. Wakili wa serikali alipolipitia faili, alisema mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa tiba, lakini mzazi hana haki ya kumkatalia mtoto uhai. Kesi ikaishia hapo.

Annet alipopona, Rasto alikuja kumchukua. Hakumsalimu Egesa. Alimbeba mtoto mgongoni, akafika getini, akageuka.

"Mke wangu aliogopa?"

Egesa akamfuata hadi getini. "Tulipokuwa tunamwingiza kupasuliwa, aliniuliza kama Annet anapumua. Nikamwambia anapumua. Akatulia."

Rasto alimsogeza mtoto vizuri mgongoni. Akaenda zake.

Egesa alibaki amesimama pale getini mpaka Resty alipokuja kumwita.